Chupa Zilizovaa Soksi

Wadi Kabir, chumba namba saba. Usiku naosha chupa
za soda, za plastiki, za lita moja moja.
Za maji hazifai: gesi ikipanda
zinavimba kitako, haziwezi kusimama.

Za kioo nilishaziacha.
Mwaka juzi moja ilipasuka kabatini saa nane ya usiku,
ya pili ikasikia, ya tatu ikaiga.
Ghulam Rasul wa chumba cha pili alitoka mbio na shuka
akilia kwamba mtungi umelipuka.
Tukamwambia ni achari.
Siku nne korido ilinukia achari
ambayo hakuna aliyewahi kuila.

Mimi ni fundi wa viyoyozi. Kutwa juu ya mapaa
nasoma presha kwenye saa yenye mshale mwekundu.
Hapa saa yangu ni kidole gumba.
Siku ya kwanza chupa inabonyea kama shavu la mtoto.
Siku ya nne inakataa kidogo.
Siku ya tisa ni ngumu kama goti,
nami najua ina neno la kusema.

Mwanga ni adui yake, kwa hiyo kila chupa naivisha soksi
nyeusi ya kampuni, imetoboka kidoleni, lakini safi.
Nimal anasema kabati langu ni bweni la wanafunzi.

Bibi yangu, kule Mamba, hakuvisha kitu soksi.
Mbege yake ilikaa pipani, mlango wazi,
povu la ulezi likitazamana na barabara;
mchungaji akipita alisalimia pipa kwanza.
Nimerithi mkono wake. Mlango wake sikuurithi.

Ijumaa tukapakia: Biju, mkewe, binti yao Anju, Nimal usukani.
Chupa nane za shayiri. Na ya tisa, kifuniko chekundu,
tangawizi tupu ya Anju, ya jana tu.

Kwenye changarawe za Wadi Arbaini
gari la kijivu limeinama, tairi halina upepo,
na mwanamke kasimama kando, spana mkononi
kama aliyeachiwa mtoto wa watu.
Nikamsalimu kwa Kiarabu changu cha saruji na misumari.
"Sema Kiswahili," akasema, "utachoka."
Bi Thuwaiba, mwalimu wa hesabu. Mama yake kazaliwa Ng'ambo, Unguja.

Tulipofungua buti kutoa jeki, akaziona
zimelala safu, miguu tisa isiyo na watu.
"Na hizi? Zinaona baridi?"
Siku ile joto lilikuwa nyuzi arubaini na mbili.
Nikasema: tangawizi.
Uso wake ukafunguka. Mama, alisema,
aliipika kila Shaabani, ikipasua chupa.
"Miaka thelathini sijaionja."

Nilikaza nati zote tano. Nikazikaza tena.
Biju, asiyejua Kiswahili, alielewa:
akatazama kifuniko chekundu, akamtazama Anju,
Anju akatazama milima.

Nikampa ile ya tisa, kwa mikono miwili.
Akaibonyeza kwa gumba, juu ya soksi, polepole,
pale pale ninapobonyeza mimi.
"Changa," akasema. "Nzuri hivyo hivyo."
Kisha akainama, akavuta taulo,
akazifunika zile nane mpaka shingoni.
"Zilizokomaa msiziache juani.
Na jioni askari hukaa kwenye mzunguko wa Qurayyat."

Vumbi lake lilichelewa kutua.
Kando ya dimbwi tulikunywa kwa vikombe vya karatasi,
bila hadithi nyingi. Nimal akanywa maji,
Anju akanywa maji na kuninunia, haki yake.
Chupa tupu tukazikamua hewa, zikawa nyembamba.
Soksi nikazianika juu ya jiwe: nane.

Jumamosi nilinunua tangawizi, kilo nzima.
Anju anadai. Na kabatini
ipo soksi moja isiyo na mwenzake.